Uso Nyuma ya Wavu

Mpiga picha wa Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, huvua ndala kabla ya kupiga picha, kisha huguna kidogo kama anayeonja mboga. Harusini huiacha kamera ijilenge yenyewe, maana watu hawatulii. Lakini Bibi Vitalia alitaka apigwe picha akishona wavu wake wa usipa, wale dagaa wa ziwani, amtumie dada yake aliyeko Malawi, ambaye hajamwona miaka kumi na miwili. Kila kamera ilipojilenga, nyuzi za wavu ulioning'inia mbele yake zilitoka safi, uso wa bibi ukungu mtupu.

"Acha tu, mwanangu," bibi akasema, akikata tamaa.

Mpiga picha akasukuma swichi ya lenzi ili alenge mwenyewe. Bibi akaona vidole viwili vikiizungusha pete ya lenzi polepole, mbele, nyuma kidogo, kama anayetafuta stesheni redioni.

"Hivi bibi, dada alikuwa anakuitaje utotoni?"

"Kidomodomo," akajibu, akaangua kicheko. Hapo hapo mpiga picha akabonyeza.

Bibi akaishika kamera kwa mikono miwili. Pichani nyuzi zilikuwa zimefifia, na uso wake ulionekana wote, mikunjo, macho, hadi pengo la meno.

"Huyu, dada atamjua," akasema, akakataa kuirudisha kamera mpaka majirani wote waone.