Fremu Niliyojenga na Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alikuwa hazungumzi nami. Alizungumza na hewa. "Kuna mtu ameona miwani yangu?" aliuuliza mlango wa jikoni, na mimi, mtu huyo, niliitafuta miwani kwenye kochi nikaiweka mezani, naye akaichukua hapo mezani. Haukuwa ugomvi, ilikuwa heshima. Kwetu magharibi mwa nchi baba mkwe na mke wa mwanawe hawashikani mikono, hawapokezani kitu mkono kwa mkono, na kwa kweli hawalali chini ya paa moja. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa likimsumbua.

Alikuja kwetu, mtaa wa Komarock, mama mkwe alipofariki. Maisha yake yote ya kazi alikuwa fundi wa treni na nyumba yake ilikuwa Makongeni, pamoja na wenzake wa reli. Mume wangu ndiye aliyemleta, akisema mzee hawezi kuachwa kukaa akitazamana na kiti kitupu. Ni kweli, ila mume wangu ni dereva wa lori la masafa marefu, binti yetu yuko shule ya bweni, kwa hiyo tuliobaki nyumbani tulikuwa wawili: mzee na mimi, na hewa ya kuzungumza nayo. Kila Jumamosi aliiambia hewa kwamba mwezi ukiisha atakwenda kijijini. Kijijini nyumba imefungwa, hakuna hata wa kumchemshia chai. Nilimpenda yule mzee na nilitaka akae. Naliweka wazi mapema kwa sababu hapo mbele nitamfokea, na sitaki mtu adhani ni chuki.

Mimi ni fundi wa simu na redio, kibanda changu kiko nje ya geti la mtaa wetu. Starehe yangu ni droni. Wanawake wenzangu wana chama cha akiba, wana kwaya, mimi nina droni. Ya kwanza ilikuwa ndogo kama sahani, na siku moja upepo uliibeba ikaenda zake upande wa Kayole, nami nikabaki nimeshika rimoti kama mjinga. Nikaapa kwamba inayofuata itakuwa kubwa, pana karibu mita moja, ya kubeba kamera ya maana na kusimama kwenye upepo bila kutetereka. Karatasi za kibali nilikuwa nazo, na uwanja wa kurushia tulikuwa nao, mimi na wengine wenye wazimu kama wangu, mbele kabisa huko Kangundo Road.

Wengi huanza kwa kununua mota, kwa sababu mota zinang'aa. Hayo ni makosa. Fremu ndiyo inayoamua propela iwe na urefu gani, propela inaamua mota, mota inaamua betri, na betri ikishakuwa nzito unarudi kulilia fremu. Ni sawa na kununua kochi kabla ya kupima mlango. Kwa hiyo nilianza na fremu, na sebule ikajaa paipu.

Mzee alitoka chumbani akasimama. "Kuna mtu anajenga kitanda?" aliuuliza ukuta.

"Ni droni, Baba. Ndege ya kupiga picha."

Aliokota paipu ya kaboni, akaipima mkononi, akakunja uso. "Hii ni nyepesi mno. Injini nyepesi huteleza kwenye reli."

"Hii haina reli, Baba."

"Sasa inashika wapi?"

"Hewani."

"Hewa haishikiki," alisema, akavuta kiti akaketi. Hakuondoka kwenye meza ile hadi jioni.

Nilikuwa nimeazimia mikono minne. Minne ni myepesi, vipuri vichache, hesabu rahisi. Yeye aliuliza swali moja tu: mota moja ikifa angani, inakuwaje? Nikamweleza kwamba ya mikono minne huanguka kama jiwe, ya mikono sita inaweza kurudi ikichechemea. "Basi sita," alisema, kana kwamba mjadala umefungwa. Nikabisha. Nikamtajia uzito wa mota mbili za ziada na betri itakayohitajika. Akaniambia, yaani akauambia ukuta, kwamba hajawahi kumsikia abiria akilalamika eti breki ni nyingi. Nikajenga mikono sita.

Mikono yenyewe alitaka iwe ya alumini badala ya kaboni, na hapo nilishinda mimi. Tulipima kila kitu kwenye mizani ya jikoni, ile ninayopimia unga wa mandazi, na alipoona mkono wa alumini ukiinama pale alipouegemea, na wa kaboni ukikataa kuinama, aliisukuma alumini pembeni mwenyewe.

Mota zilipofika alifanya jambo ambalo sijaliona kwa fundi yeyote wa rika langu. Masikio yake yalimalizwa na injini zamani, ukimwita kutoka jikoni hasikii. Lakini alichukua bisibisi, akagusisha ncha kwenye mota, mpini akaubana kwenye mfupa nyuma ya sikio, akaizungusha mota kwa kidole. Nne alizisogeza kushoto. Mbili akazisogeza kulia. "Beringi zinakwaruza," alisema.

Nilizirudisha mbili hizo mjini nilikozinunua. Muuzaji alicheka. "Madam, hizi ni mpya, zilikuwa kwa seal." Nikamwambia achukue bisibisi asikilize. Akaiweka sikioni, akaizungusha mota, kicheko kikakatika. Akanipa nyingine, kisha akauliza, "Na nani alikushow hii kitu?"

"Baba mkwe."

"Huyo mzee ni noma," alisema, akajaribu tena na mota nyingine iliyokuwa kwenye kabati.

Propela nazo alizisawazisha moja moja. Aliipitishia msumari katikati, akauegemeza kwenye glasi mbili, akangoja kuona upande gani unaanguka, kisha upande mwepesi akaubandikia kipande cha selotepu kidogo kuliko ukucha. Alirudia hadi propela ikalala sawa, haiendi huku wala huko. Nilikuwa nikifunga kibanda mapema ili nimkute bado mezani. Spana ilipita kati yetu kama chumvi: naiweka katikati, anaiokota, anaiweka, naiokota. Zilikuwa siku nzuri kuliko nyingi nilizowahi kuishi katika nyumba ile. Jumamosi mbili zikapita bila yeye kutaja kijiji.

Sasa nifike kwenye nati.

Paipu ya kaboni hushikwa na vibano, na vibano hufungwa na nati. Unafunga hadi paipu isizunguke, basi, unaacha. Chuma ukikizidishia kinabonyea na kukuonya. Kaboni haionyi, inapasuka. Nilikuwa nimefunga mikono yote sita asubuhi moja, na nilipokuwa nikitoka kwenda kazini, mkoba begani, uso nimeuelekeza mlangoni kama heshima inavyotaka, niliiambia hewa, "Hizo nati zisikazwe, Baba."

Hewa haikufikisha ujumbe wote. Ilimeza silabi moja. Mzee alisikia "zikazwe".

Na kwa mtu wa reli hilo ndilo neno tamu kuliko yote. Treni haitoki mpaka mtu apite chini yake na spana. Nati iliyolegea ni msiba wa watu wengi. Kwa hiyo mzee alikunja mikono ya shati akakaza. Alikaza kwa mkono ule uliozoea mabogi ya treni, kwa upendo wote, mikono yote sita.

Niliporudi niliinua fremu kwa mkono mmoja, nikiisifu moyoni, ikalia krek. Nikaigeuza. Paipu nne zilikuwa na ufa kutoka kwenye kibano hadi katikati, na ya tano nilipoibonyeza ikafunguka kama ganda la njugu.

Hapo ndipo nilipomfokea. Nilimgeukia, nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu niolewe na mwanawe, nikapiga kelele ambayo majirani waliisikia. "Baba, umeharibu! Nani alikwambia ukaze?"

"Wewe," alisema.

"Mimi nilisema zisikazwe! Zi-SI-kazwe!"

Niliona midomo yake ikiirudia ile silabi kimyakimya. Kisha akaingia chumbani, akatoka na mkoba wake, akapita pembeni yangu bila kuiambia hewa lolote. Nilisikia geti likifunguliwa. Hasira yangu ikanitoka pale pale ikaniacha na aibu tu.

Mume wangu alipiga simu akiwa barabarani. Mzee alikuwa amefika Makongeni, kwa mwenzake wa zamani wa karakana.

"Umemfokea baba yangu?"

"Nimemfokea."

"Basi mimi sina la kusema. Utaenda mwenyewe."

"Na kuku."

"Na kuku," alisema.

Kwetu mkwe aliyemkosea baba mkwe haendi mikono mitupu. Kesho yake nilishuka Jogoo Road na kuku jike mweupe ndani ya mfuko, kichwa nje, akiwatazama watu kwa dharau. Njia nzima nilipanga maneno. Nilijua kwamba kutoka Makongeni mzee angeweza kupanda basi la Magharibi siku yoyote, na akishafika kule hatarudi, na mwaka hautaisha kabla hatujaitwa kwenda kumzika. Hilo ndilo nililokuwa nikiliogopa, wala si fremu.

Nilimkuta barazani na wazee watatu wakicheza drafti. Nikamweka kuku chini, nikainamisha kichwa. Maneno yote niliyopanga yakanitoroka. "Baba, nilikukosea," nilisema, kwa sauti ya juu, nikimtazama yeye. Nilikuwa nimemalizana na kuzungumza na kuta.

Yeye naye akanitazama. "Sikuondoka kwa sababu ya kufokewa. Mama yenu alinifokea tangu tuoane na sikuhama. Niliona aibu. Mtu wa reli, kuvunja kitu kwa kukaza."

"Paipu zinanunuliwa, Baba. Zimeshaagizwa. Mimi nataka urudi nyumbani. Sina mwingine wa kunishikia upande wa pili, na hata kama ningekuwa naye, nakutaka wewe."

Wazee wa drafti walijifanya wanaangalia kete.

"Kwako siwezi kulala, mama," alisema baba mkwe. "Nimejaribu. Kila siku nalala kama mwizi, nikingoja kuche nitoke. Nilitamani nikuulize kama kuna chumba cha kupanga hapo karibu, kidogo tu, niwe nakuja mchana. Nikaogopa. Ungedhani nimeikataa nyumba yako."

Nilianza kucheka, na kabla kicheko hakijaisha nikajikuta nalia, mbele ya wanaume wanne na kuku.

"Kipo, Baba," nilimwambia. "Mlango wa tatu kutoka kwetu. Nilikiona wiki uliyokuja, mwenye nyumba ananiuliza kila siku kama nakitaka. Sikuthubutu kukwambia. Ungedhani nakufukuza."

Nilidhani hakunisikia, nikavuta pumzi ili nirudie kwa sauti. Lakini alikuwa amesikia kila silabi. Alimwambia mwenzake amalizie zamu yake ya drafti, akainuka, akaingia ndani kukusanya nguo zake.