Picha ya Mbithi Akielea

Kuna kitabu watu wanaposti sana huku Makueni. Kwa kava kuna jamaa anaelea kati ya nyota, anacheka.

Hiyo kava niliitengeneza mimi. Na huyo jamaa hakuwa anaelea. Alikuwa anaanguka.

Wacha leo niseme yote, mnitusi mkitaka.

Anaitwa Mbithi. Tulikuwa kikundi moja ya ngoma, zile zetu za Kikamba za kuruka sarakasi. Yeye anarushwa juu, anapinduka, mimi niko chini namdaka. Hiyo tu ndio ilikuwa kazi yangu.

Miaka saba iliyopita, tukicheza kwa soko ya Kwa Vonza, nikasema nimpige picha moja akiwa juu. Nitarudisha simu mfukoni kabla afike.

Sikuwahi.

Alivunjika mgongo. Hajasimama tena.

Watu wote walikuwa wanamwangalia yeye, hakuna aliyeona simu. Hospitalini akanishika mkono. "Pole ndugu yangu, niliruka vibaya nikakuharibia."

Na mimi, mbwa mimi, nikamwambia, "Usijali."

Sasa mwaka huu Mwalimu Mwongeli akaja kwa duka yangu ya kuprinti hapa Emali. Ameandika riwaya ya dunia isiyo na uzito, hakuna kitu inaanguka.

"Nataka mtu anaelea kabisa," akasema. "Asikae ni kama amefungwa kamba."

Wiki mbili kila nilichochora anakataa. Mwishowe nikafungua ile picha. Nikatoa vumbi, nikatoa watu, nikaweka nyota. Uso nikaufichaficha kidogo.

"Huyu sasa ndio!" Mwalimu karibu alie. Nikachukua sifa, nikanyamaza.

Mbithi siku hizi anashona viatu hapo sokoni. Juzi Mwalimu akampelekea viatu, akamwachia na kitabu, akimwambia kava ni kazi yangu. Jioni hiyo Mbithi akanipigia. "Kyule, kuja."

Nilimpata ameweka kitabu kwa magoti. Hakuwa na hasira, na hiyo ndio ilinimaliza.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe."

"Aki nilikuwa najua kuruka."

"Ulikuwa unajua sana."

Akaweka kidole kwa ile mikono amenyoosha kwa picha. "Hapa nakuja kwako. Yako ilikuwa wapi?"

Nilitafuta uongo nikakosa. "Ilikuwa imeshika simu."

Akafunga kitabu.

"Miaka saba, Kyule. Miaka saba nakuomba msamaha. Hata mke wangu nimemwambia nilikuaibisha mbele ya watu."

Nilipiga magoti hapo kati ya ngozi na gundi, nikalia. Akaniambia nitoke, kuna mteja anangoja.

Watu wa kanisa wananiambia angalau nimetubu. Wapi! Sikutubu, nilishikwa.

Kama kuna kitu umemfanyia mtu na hajui, mwambie wewe mwenyewe, hata kama unatetemeka. Mimi sasa naenda kwake kila siku kusema pole. Anaitikia tu, "Sawa," na hainui macho kutoka kwa kiatu anashona.