Kufuli Langu Ukweni

Mke wangu ameshaisimulia habari hii kwenye kikoba chake, shemeji yangu ameisimulia msibani (msibani, jamani, watu wakaacha kulia), kwa hiyo sioni faida ya kuendelea kujificha. Bora niisimulie mwenyewe, maana wao kila wakiisimulia wanaongeza chumvi, na ile ya kweli inatosha kabisa kunifedhehesha bila chumvi ya mtu.

Mimi nauza vipuri vya makarasha pale Kalangalala, Geita. (Karasha ni ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, inayopiga kelele mpaka unaiota.) Wazazi wangu walihamia wakitokea Bukoba, nikazaliwa hapo hapo, na mtoto aliyezaliwa mtaani kwetu anajua kufunga vitu kabla hajajua kusoma, kwa sababu ule ni mji wa dhahabu, watu wanaingia leo wanatoka kesho, nani anamjua nani? Ndoo ya maji tunaitia mnyororo. Mimi nimeshaibiwa ufagio. Nimeshaibiwa suruali kwenye kamba ikiwa bado inachuruzika maji, na huyo mwizi akawa na adabu ya kuniachia vibanio. Kwa hiyo siku niliponunua pikipiki, nyekundu, mpya, hata namba yake haijatoka, kabla hata ya kofia ngumu nikanunua mnyororo mnene kama wa kuvutia lori na kufuli lenye ukubwa wa kobe mchanga.

Pikipiki hiyo ndiyo niliyokwenda nayo kuposa.

Mchumba wangu, Kabula, ni mwalimu, tulifahamiana Geita, lakini kwao ni kijiji kimoja cha ndani kidogo ukitokea Isaka. Kwa taratibu za kwao anayeongea ni mshenga. Kazi ya mposaji ni kukaa, kuinamisha kichwa na kujibu akiulizwa. Mshenga wangu alikuwa Mzee Bundala, muuza vitenge jirani na kibanda changu, Msukuma mtulivu anayejua mambo ya ukweni, nikampakia nyuma na furushi la zawadi mapajani.

Kabula alikuwa ametangulia nyumbani, akanipigia simu kabla hatujatoka.

"Deo, nakuomba kitu kimoja tu. Usije ukaanza mambo yako ya minyororo huku. Baba ataona unawaita wezi."

"Siwezi," nikamwambia, na wakati namwambia hivyo nilikuwa nausukumiza mnyororo chini ya furushi (kwa ajili ya njiani tu, nikijidanganya).

Basi tukapita Isaka na foleni zake za malori, tukaacha lami, tukaingia barabara ya vumbi, na huko nikaanza kuona maajabu. Magunia ya mpunga yamepangwa kando ya njia, hakuna mtu. Mbele kidogo baiskeli imeegemezwa kwenye mti, na kwenye usukani imening'inizwa redio inaimba peke yake. Nikasimamisha pikipiki.

"Mzee, mwenye hii yuko wapi?"

"Shambani huko ndani."

"Na redio?"

"Inamsubiri."

Akanijibu kama mtu anayeeleza kuwa maji yanalowesha. Sikatai, hata Nkome nilishaona dagaa wameanikwa mchangani pale ziwani hakuna mlinzi zaidi ya kunguru, lakini dagaa ni dagaa. Redio! Nikaondoka pale nikiwa na wasiwasi kuliko nilivyofika, maana akilini mwangu mahali ambapo vitu vimeachwa ovyo namna ile, wezi wake lazima wawe wamejificha vizuri sana.

Tukafika. Mji wao ni mkubwa, umezungushiwa ua wa minyaa, hauna mlango wala komeo. Juu ya jiwe simu za watu zinachaji kwenye sola, hakuna anayezitazama. Wanawake wakatupokea kwa salamu za Kisukuma, "Mwadila, mwadila," wakatuambia pikipiki tuiache hapo hapo uwanjani, wakarudi jikoni. Baba Kabula mwenyewe alikuwa ndani anatusubiri kwa heshima zake pamoja na wazee wenzake. Nikaketishwa kwenye kigoda, uso ukutani, mgongo mlangoni.

Hapo ndipo shida ilipoanzia, ule mgongo mlangoni. Mazungumzo yalikuwa kwa Kisukuma (changu ni cha kuokota, nasikia ng'ombe na chakula, basi), na mimi sikio langu lote lilikuwa nje. Kuku akiparua naona mtu anasukuma pikipiki. Upepo ukipita naona inawashwa. Nikavumilia weee, mwisho nikamnong'oneza Mzee Bundala kwamba nimebanwa na haja ndogo.

Nje hapakuwa na mtu. Pikipiki ipo, inang'aa. Mtu mwenye akili angeiangalia, angeridhika, angerudi ndani. Mimi nikaisukuma polepole mpaka nyuma ya nyumba isionekane, nikakuta magogo mawili yamesimikwa na miti minene imelazwa kati yake, nikasema hapa hapang'oki, nikapitisha mnyororo kwenye gurudumu, nikazungusha kwenye gogo na ile miti yote, kufuli likalia *kwah*. Roho ikatua. Mtasema nilipaswa kujua kwamba lile ni lango la zizi. Wapi! Mimi ng'ombe namfahamu akiwa kwenye sahani.

Nikarudi ndani mtu mpya. Nikaanza hata kutabasamu mahali pasipotakiwa. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri, Mzee Bundala alisema neno Baba Kabula akacheka, nikaona leo napewa mke, na hapo hapo nje ikapigwa kelele ambayo sijawahi kuisikia, ndefu, kali, inapanda na kushuka, na kabla haijaisha ikapokewa na nyingine mbali, na nyingine mbali zaidi. Baba Kabula alikuwa ameshasimama.

"Mwano huo," Mzee Bundala akaniambia. "Wanaitana. Kuna mwizi."

"Zizini!" Baba Kabula akasema kwa Kiswahili, nadhani kwa ajili yangu. "Wezi wa ng'ombe!"

Mzee mmoja akanipachika fimbo mkononi. Na mimi, jamani, badala ya kuogopa nikafurahi. Nikasema hii ndiyo nafasi yangu, leo wajue binti yao anaolewa na mwanaume. Nikatoka mbio, tai inapepea begani, nikampita mzee wa kwanza, nikampita wa pili, nikampita baba mkwe mwenyewe, fimbo juu, nikipiga yowe kuliko wote, "Mwizi! Mshikeni! Asitoroke!" Nyuma nilimsikia Mzee Bundala akiita, "Wewe, rudi, wewe ni bwana harusi!" lakini damu ilikuwa imeshachemka.

Nikakunja kona ya nyumba. "Mwizi yu—"

Pikipiki yangu.

Pembeni yake amesimama Baba Mdogo Shija, mdogo wake baba mkwe, aliyekuwa machungani na ng'ombe tangu alfajiri na kwa hiyo hakutuona tunafika. Nyuma yake kundi zima la ng'ombe linataka kuingia kulala. Anahema, anaonyesha kwa fimbo, anaeleza kwamba wezi wamefunga lango makusudi ili mifugo ibaki nje waiswage vizuri. Na maelezo yake, kusema kweli, yalikuwa na mantiki kuliko ya kwangu.

Watu wakawa wanafika kutoka kila upande, na marungu, na pinde, kamanda wa sungusungu, wale walinzi wa kijiji, akiwa mbele. Akaizunguka pikipiki taratibu.

"Haina namba," akasema.

"Ya wizi hiyo," wakamwitikia.

"Kufuli kubwa namna hii," akasema, "huyu ni mwizi mzoefu."

Mimi nimesimama katikati yao na fimbo yangu. Kila mmoja ananiangalia kwa heshima, maana mimi ndiye niliyefika wa kwanza. Kijana mmoja hata alinipigapiga begani. Nilikuwa na nafasi ya kusema pale pale, yaani neno moja tu, lakini kila nilipofungua mdomo nilikumbuka nilivyokuwa napiga yowe, mdomo ukajifunga wenyewe. Mzee Bundala akafika wa mwisho, anatweta. Akaitazama pikipiki. Akanitazama mimi. Akavua kofia yake, akaangalia chini kama mtu aliye makaburini.

"Tuichome," mmoja akasema. "Tukiichoma mwenyewe atatokea."

(Alisema kweli, nisingekosa kutokea.) Kiberiti kilipotolewa mfukoni ndipo sauti ikanitoka, nyembamba kama ya kifaranga.

"Ni yangu."

"Nini yako?" kamanda akauliza.

"Pikipiki. Na mnyororo. Na... na kufuli."

Ng'ombe mmoja akalia. Baba Kabula akasema kwa upole wa kutisha, "Basi fungua, mwanangu, mifugo ilale."

Nikatoa ufunguo, nikauingiza, nikauzungusha kwa ile haraka ya aibu, na ufunguo ukakatikia ndani. Nilibaki nimeshika kichwa chake kama kifungo cha shati. Na ng'ombe nao kumbe uvumilivu wao ulikuwa umefika mwisho, wakageuka kundi zima wakaelekea uwanjani, ambako mama mkwe alikuwa ameanika michembe yake, viazi alivyovikatakata na kuvikausha kwa jasho lake, wakaanza kula kana kwamba wameandaliwa. Nikasema angalau niokoe michembe, nikakimbia nikipunga fimbo, ng'ombe wakanitazama wakaendelea kutafuna, nikazunguka dume moja kubwa, nikatokea upande wa pili uso kwa uso na mama mkwe mwenyewe na upawa mkononi. Sasa kule mkwe wa kiume na mama mkwe hawasogeleani hivyo, ni mwiko, wanaoneana haya. Mama akajifunika uso kwa kanga. Mimi sikuwa na kanga, nikajifunika kwa tai. Tukabaki hivyo, kila mmoja gizani kwake, ng'ombe wakimaliza michembe.

Lango lilifunguliwa kwa shoka. Walilikata lile gogo, na Mzee Bundala akaninong'oneza (sijui alidhani ananisaidia) kwamba lilisimikwa na babu yake Baba Kabula. Kila shoka lilipotua mimi nilifumba macho. Ng'ombe wakaingia. Watu hawakuondoka, hakuna aliyetaka kukosa kilichobaki, na Baba Kabula akaja akasimama mbele yangu.

"Kijana, nikuulize. Hapa ulikuwa unamwogopa nani?"

Nikawaangalia. Shija aliyeshinda na jua. Wale wazee. Yule aliyenipigapiga begani. Watu waliotupa majembe wakakimbia na roho zao mikononi kwa ajili ya mali ya jirani yao, na mimi pia, kama ningekuwa nimeibiwa kweli, wangekimbia hivyo hivyo kwa ajili yangu. Nikisema simwogopi mtu, mnyororo wa nini? Nikisema naogopa wezi, nimwonyeshe yupi?

"Mazoea, baba," nikasema. "Nisamehe."

Shija ndiye aliyeanza, akageukia ukuta mabega yakimtetemeka, mara nikasikia anacheka, halafu kamanda, halafu uwanja mzima, mpaka ndani ya jiko nikamsikia Kabula, mchumba wangu mwenyewe, anacheka kwa kwikwi. Baba Kabula peke yake hakucheka. Akasema jibu la posa silipati leo. Pikipiki nitaiacha hapo uwanjani, ufunguo wake wa kuwashia ukiwa mahali pake, nitarudi Geita kwa basi, na nikija kuichukua ndipo tutaongea.

Sitawadanganya, sikulala vizuri siku zile. Nilikuwa nampigia Kabula, namuuliza habari za baba, habari za mama, halafu nasema "na wengine?" na yeye anajibu, "Na wengine wapo, wamesimama kwenye jua," anakata simu.

Niliporudi baada ya wiki niliikuta pale pale, imefunikwa kanga. Nikakagua (ndiyo, nilikagua, mazoea hayaishi kwa wiki). Imeoshwa, na mnyororo umekatwa kwa msumeno. Tangi limejaa mafuta kuliko nilivyoacha, na kilomita zimeongezeka. Baba Kabula akaniona nimeinama.

"Binti wa jirani alishikwa uchungu wa kujifungua," akasema. "Shija akampeleka zahanati. Tulitaka kukupigia kukuomba ruhusa, ila mtoto hakuwa na subira."

Nikajiona mdogo, lakini udogo wa raha, sijui kama mnanielewa. Akanishika mkono akaniingiza ndani, na safari hii kigoda changu kiliwekwa kimeelekea mlangoni, akasema, "Haya, tuendelee pale tulipoishia."

Tumeoana. Ukweni naenda kila tunapopata nafasi, na wananiita jina la Kisukuma ambalo Kabula anakataa kunitafsiria. Ila nimeapa, na kiapo hiki nakishika: ugenini sifungi kitu bila kumuuliza mwenyeji, na nikisikia watu wanapiga kelele za mwizi, kabla sijaokota fimbo, kabla sijakimbia hata hatua moja, najipekua mimi kwanza.