Jiwe Lililoliwa

Asubuhi za Myamba, kijiji cha milimani, ukungu huingia hadi jikoni, ukakaa humo bila hodi. Naomi hupiga magoti humo humo, akasaga ulezi juu ya jiwe alilosagia mama yake maisha yake yote. Jiwe dogo la mkononi linakwenda, linarudi, kwaru, kwaru, mpaka Naomi hajui tena kama mikono ile ni yake au ya marehemu. Raha iliyoje, jamani!

Ila siku hizi jiwe lilikuwa linateleza. Mawe mawili yakisuguana miaka nenda rudi, hulainishana, ulezi ukapita katikati mzima mzima. Hapo huna budi kuugongagonga uso wa jiwe kubwa ili upate meno tena. Na kila likigongwa, linapungua. Katikati lilikuwa limeliwa sana, limebaki jembamba la kutia huruma.

Utasema, si aende mashineni? Mashine ipo, tena karibu na soko. Haya, nenda wewe ukamwambie mzee Tumainieli! Tangu amzike mkewe, baba yake Naomi hatii kitu kinywani ila uji wa jiwe lile. Na Mpare akishakataa, amekataa. Mzee alikuwa amekonda, mashati yanampwaya, na Naomi alijua fika kwamba jiwe likimshinda, baba naye atamwondokea.

Siku moja akaligonga, taratibu, kwa kubembeleza. Ta, ta, ta. Likapasuka vipande viwili.

Naomi alilia pale pale sakafuni. “Nisamehe, mama,” akasema, mikono yote vumbi. Kisha akajifuta, akaupeleka ulezi mashineni, akapika, akanyamaza. Maskini, alidhani atamdanganya mzee.

Mzee akaonja. Akauzungusha uji mdomoni, akangoja, akakitua kikombe.

“Mwanangu, mbona uji wa leo hauna mchanga?”

“Jiwe limevunjika, baba. Lilikuwa limekwisha.”

“Limekwisha, limekwenda wapi? Siku mama yako analileta hapa lilikuwa nene hivi!” Akaonyesha kwa mikono miwili.

Naomi akaitazama nafasi kati ya mikono ile. Kweli, limekwenda wapi? Jiwe haliyeyuki, wala hakuna mwizi wa kuiba unene. Akaziona asubuhi zote zile zikipita mbele yake, mama ameinama, vumbi la jiwe likichanganyika na unga, unga ukiingia chunguni.

“Tumelila, baba,” akasema polepole. “Mama alikuwa analisaga, nasi tunakula.”

Ukungu ulipita mlangoni, ukatoka. Mzee akaweka kiganja juu ya tumbo lake, akakiacha hapo kitambo, machozi yakimtiririka bila yeye kuyafuta.

“Kumbe,” akasema, “mama yako hatukumzika wote, sehemu yake imo humu.”

Akakichukua kikombe, akanywa uji wa mashine mpaka chini, akamnyooshea Naomi.

“Ongeza, mwanangu.”