Vyumba Viwili vya Penseli

Nilipowaambia nyumbani kwamba nataka kununua nyumba ya mnada Mbeya, shemeji yangu alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Iringa mtu akipata vijisenti ananunua shamba la miti, kisha anakaa kusubiri. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule Mlandege, na akiba yangu ilikuwa jasho la miaka kumi na moja. Sikuwa na hamu ya kukodolea macho miti inavyorefuka. Nilimwambia mti haulipi kodi kila mwezi.

"Mwanamke peke yako, kwenye mnada wa benki?"

"Peke yangu," nikamjibu, nikamwongezea chai.

Lakini sikwenda kichwa kichwa. Miaka yote ile nilikuwa mpangaji wa Mhindi mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na nilimwona anavyochagua nyumba za kununua. Hamuulizi mwenye nyumba wala dalali, anawauliza wapangaji. Nami nilipofika Iyunga, mtaa ilipo nyumba ile, nikapiga hodi mlango hadi mlango. Nyumba kubwa mbele, vyumba sita vya kupangisha, maji yanatoka mara mbili kwa wiki, luku moja ya umeme ambayo wote wanaigombania. Niliandika yote kwenye daftari. Chumba kimoja nikakitoa kwenye hesabu, maana hakikosekani kinachokaa kitupu.

Uani kulikuwa na sakafu ya saruji iliyoanikwa mahindi. Hapo, kwenye daftari, nikachora kwa penseli vyumba viwili vya nyongeza, nikavipa mpaka madirisha. Bila vyumba hivyo, bei iliyokuwa inatajwa haikunilipa. Navyo, ilinilipa vizuri sana.

Mama mwenye nyumba alikuwa mjane, anaishi chumba cha nyuma. Mwanawe ndiye aliyeweka hati rehani, mkopo ukamshinda. Alikuwa ananitazama nikihesabu hatua.

"Shikamoo mama. Napima kidogo, nataka kuongeza vyumba hapa."

"Marahaba. Hapo yuko mzee," akasema, huku anageuza mahindi. "Msalaba kijana aliuvunja, siku ile watu wa benki wanakuja kuthamini nyumba."

Kwetu nasi tunazika nyumbani. Ningeliona kaburi lile kutoka getini, kama si yale mahindi. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mteja yeyote, nikashuka kwenye ile saruji.

"Atakayenunua atamfukua tu," mjane akasema.

"Mimi sitamfukua."

Dalali wa mnada alinifuata mpaka barabarani. "Dada, makaburi yanahamishwa. Ni kibali tu." Nikamwambia aanze na la baba yake, halafu aje tuongee. Jioni nikavifuta vyumba vyangu viwili, nikashusha bei ambayo nisingeivuka hata kwa shilingi.

Siku ya mnada walikuja wanaume watatu wenye uwezo. Dalali alisimama getini akaisifia nyumba, akasema uani kuna nafasi ya vyumba vingine viwili. Bei ikapanda, ikaipita yangu, ikaendelea. Nikanyoosha mkono.

"Hapo uani pana kaburi," nikasema. "La mume wa huyu mama. Msalaba wake umevunjwa ili msilione."

Wawili walikwenda kuangalia. Walimkuta mjane amesimama pale. Mmoja akavua kofia, kisha wote wawili wakaondoka wakisema hawakutaja bei yoyote. Ikabidi mnada uanze upya. Wa tatu alivutana nami kidogo, naye akaacha. Nikaichukua chini ya ile bei niliyoiandika, na benki, iliyokwisha kuchoka na nyumba ile, ikakubali.

Dalali aliniambia nimeharibu kazi ya watu. Nilimwambia kazi inayoharibiwa na ukweli aitafutie fundi mwingine.

Nikaenda moja kwa moja kwa mjane kumwambia akae, asilipe kitu, na mzee hataguswa. Nilimkuta anafunga godoro.

"Umemtaja mume wangu mbele za watu ili bei ishuke."

"Nimemtaja ili asifukuliwe, mama."

"Yote mawili, mwanangu."

Nikamshikia kamba, akakaza fundo la godoro. Alihamia Mbalizi kwa binti yake.

Nyumba inalipa. Shemeji siku hizi ananiomba nimtafutie na yeye moja. Wapo wanaosema niliiba mchana kweupe, na wapo wanaosema niliokoa kaburi, nami siwaombi radhi hawa wala wale. Mnada ule ukirudiwa kesho, mkono wangu utakuwa juu tena.

Mjane nilimpa ufunguo wa geti, huja kukaa na mumewe kila anapojisikia. Madalali, watu wa benki, wapangaji wakorofi, wote nakutana nao uso kwa uso. Nikisikia yeye yuko njiani, nabaki Iringa.