Mikono ya Mwalimu Wambeti

Wambeti alifundisha kwaya ya kanisa lao, karibu na Embu, kwa miaka kumi na tisa. Mwaka jana alifanyiwa upasuaji wa goita, sauti ikapotea. Daktari alimwambia huenda isirudi.

Siku mbili alilia jikoni akimenya ndizi. Siku ya tatu alichukua daftari, akamwandikia mumewe, Nyaga: "Sauti siwezi kuilazimisha. Nitafanya kazi na kilichobaki."

Jumamosi alienda mazoezini. Kendi, mwimbaji wa sauti ya kwanza, alipomwona machozi yalimtoka.

"Mwalimu, sasa tutafanyaje?"

Wambeti akaandika ubaoni: "Nyinyi mtaimba. Mimi nitasikiliza." Kisha akainua mikono.

Waliimba vibaya siku hiyo. Besi walichelewa kuingia, naye hakuweza kuwaimbia mfano. Aliwarudisha mwanzo mara saba, bila hasira, akigonga mapigo mezani.

Sasa ni miezi minane, na sauti imerudi kama mnong'ono tu. Watu wakimpa pole, hutabasamu.

"Asanteni," hunong'ona. "Lakini tangu ninyamaze nimegundua besi wangu wawili hawajawahi kuimba. Walikuwa wakifungua midomo tu."