Bawaba za Ndani: Kutoka Kanyenye hadi Igunga na Kurudi

Nilikwenda Igunga kwa sababu ya mama mmoja mzee aliyeapa kwamba hatapanda gari tena. Huyu ni Bibi Martha, mama yake Yohana, mkulima na mfanyabiashara wa mpunga. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na daktari wa Tabora alikuwa amesema kwamba akiletwa mapema yatatibika, lakini akichelewa hakuna la kufanya. Yohana gari analo. Aliyekataa ni mama.

Kisa chenyewe ni hiki. Gari hilo lilikuwa likipita kwenye kijia chembamba cha migunga, na bawaba za milango yake zilikuwa nje, zimetokeza kama vifundo vya vidole. Tawi likainasa bawaba ya juu, skrubu zikang'oka mbaoni, mlango ukaenda na tawi, na Bibi Martha aliyekuwa ameuegemea akaenda na mlango. Mungu alimhifadhi, akaangukia mchanga. Lakini tangu siku hiyo akasema, "Nikipofuka, nitapofukia kwangu, juu ya kigoda changu."

Yohana akalileta gari Kanyenye, mtaa wa Tabora, kwenye karakana yangu mimi na Hamisi. Mimi ni seremala, Hamisi ni mhunzi, na kazi yetu wakati huu wa Mwingereza ni kujenga bodi za mbao na bati juu ya magari yanayoletwa mjini. Mwenye gereji mmoja alikuwa amemshauri aagize milango kutoka pwani na asubiri. Yohana alitaka bawaba zisizoonekana nje hata kidogo, tawi likipita likose cha kushika.

"Mnaweza, wazee wangu?" akauliza.

"Liache gari," nikamjibu. Hamisi alinikanyaga mguu, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Babu yangu alikuja Tabora kutoka Uzaramo pamoja na misafara, akabaki hapa akichonga milango ya nyumba za mjini. Milango yake haina bawaba. Ubao wenyewe una ncha juu na chini, na ncha hizo huzunguka ndani ya matundu ya vizingiti. Ukisimama barabarani huoni chuma chochote. Mimi nimelelewa katika kazi hiyo, kwa hiyo nikaona shauri limekwisha: nitaweka ncha kama za babu. Nikautengeneza mlango, nikaupachika, nikamwita Hamisi kwa madaha.

Hamisi aliusukuma. Ukafunguka kwa ndani, kama ifunguliwavyo milango yote ya babu yangu.

"Salumu," akasema, "umetengeneza mlango wa chumbani. Abiria aweke wapi magoti, mabegani?"

Nilijaribu kuuvuta nje. Ukingo wake ukasaga nguzo na kukwama. Hapo tukaelewa kazi ilivyo. Pini ikikaa ndani ya bodi na mlango ukitaka kufunguka nje, kona ya mlango huigonga nguzo kabla haujafika popote. Lazima kwanza mlango usogee nje, ndipo ugeuke. Tukakata mfano wa mkono wa bawaba kwa bati laini, tukaupigilia msumari mmoja juu ya ubao, tukawa tunauzungusha polepole, na kila kona ilipogonga tukaweka alama ya mkaa. Siku nyingi tulifanya hivyo. Mwisho tulipata umbo: mkono uliopindwa kama kiwiko cha mwanamke aliyebeba ungo kiunoni. Pini imejificha ndani kabisa ya nguzo, na kiwiko kinaizunguka kona na kuubeba mlango mzima hadi nje. Hamisi akaifua mikono ya namna hiyo kwa chuma cha springi kuukuu ya lori. Tukatumia timazi ili pini ya juu na ya chini zikae katika mstari mmoja, maana bodi imejikunja na macho hudanganya. Milango ilipofungwa, ubavu wa gari ulikuwa mtupu kama ubavu wa mtungi. Nilimshukuru Mungu, na sitaficha, nilitembea kwa maringo hadi msikitini.

Asubuhi ya safari tuliondoka baada ya sala ya alfajiri. Aliyeendesha ni Paulo, dereva wa Yohana, kijana wa Kinyamwezi mwenye maneno mengi. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu wakati wa misafara, kwa hiyo hakunipa nafasi ya kupumua.

"Mzee Salumu, shikamoo."

"Marahaba, Paulo."

"Babu zangu walibeba mizigo ya babu zako njia hii hii kwa miguu. Leo namwendesha Mzaramo amekaa kama sultani. Lini mtabeba ninyi?"

"Babu zako walibeba pembe," nikamwambia, "mimi nimebeba milango yako miwili kichwani mwezi mzima. Endesha."

Kweli, sehemu kubwa ya njia ya kwenda Nzega inafuata ile ya wapagazi waliokwenda Ziwani. Mahali pengine bado unaona miembe waliyoipanda kwa kutupa kokwa, na visima vilivyochimbwa kwa ajili ya vikosi vilivyopiga kambi. Pori la miombo linabana barabara pande zote. Matawi yalikuwa yakichapa ubavu wa gari, kwangu na kwa Paulo, yakiteleza na kupita. Kila tawi lilipopita Paulo aliitikia, "Amina."

Adhuhuri tulikuwa Nzega. Tulikula wali, nikasali, na watu wa sokoni wakalizunguka gari. Mchuuzi mmoja wa tumbaku alipapasa ubavu wote akitafuta kilichoushika mlango, mpaka akalala chini na kuchungulia uvunguni. "Umegandishwa kwa ulimbo?" akauliza. Nilijaza kifua.

Mbele ya Nzega barabara inashuka kwenye ardhi nyeusi, na huko kulikuwa na korongo lililokatwa na mvua. Gurudumu la mbele la kushoto lilizama, gari likajipinda, pembe moja chini na nyingine juu.

"Shuka, mzee, nilitoe," akasema Paulo.

Nikashika kitasa. Mlango haukutikisika. Nikausukuma kwa bega, nikausukuma kwa mguu. Wapi. Nililazimika kupita juu ya kiti cha dereva, kanzu ikanasa kwenye gia, na Paulo akacheka mpaka akaketi matopeni.

Mimi sikucheka. Nilimfikiria Bibi Martha ndani ya gari lililozama, hawezi kutoka, na macho yake hayaoni mahali pa kupita. Mlango unaokwama si bora kuliko mlango unaong'oka. Nikatambua pia kosa limetoka wapi. Babu yangu aliweka milango katika kuta, na ukuta haujipindi. Nami nilikuwa nimeukaza mlango wa gari kama wa nyumba, hata kucha isipite kati ya ubao na nguzo, nikajisifu kwa kubana huko. Gari hujipinda kila hatua.

"Turudi Tabora?" Paulo akauliza, safari hii bila utani.

"Tukirudi, mama hatatungoja," nikasema. "Atakuwa amepata sababu nyingine ya kukataa."

Alasiri alitukuta mkulima wa kijiji cha karibu, jina lake Mathayo, Mkatoliki, akiwa na ng'ombe wake wa kulimia. "Mwadila," akatuamkia kwa lugha yao, maamkizi ya mchana. Ng'ombe walilivuta gari hadi uwanjani kwake. Mkewe, Mama Agnesi, alimkamata jogoo, akaniletea pamoja na kisu.

"Chinja wewe, mzee, ule kwa raha," akasema. "Sisi tunakula cha kwako, wewe huli cha kwetu. Basi kazi ni yako."

"Na manyoya?"

"Manyoya hayana dini. Hayo nitanyonyoa mimi."

Nilichinja kwa jina la Mungu, nikatandikiwa mkeka safi wa kusalia upande wa ghala, na watu wa nyumba wakanyamaza mpaka nilipotoa salamu. Jambo hilo sitalisahau.

Baada ya sala nilifungua bawaba, nikaitoa milango yote miwili. Mathayo alikuwa na ngozi nene ya ng'ombe iliyolainishwa kwa mafuta, anayokatia kamba za nira. Nilimwomba kipande. Nikakata vipande vya kukaa kati ya kila bawaba na nguzo yake, ili chuma kipate mto wa kulalia na mlango usogee kidogo gari linapojipinda. Kisha upande wa kitasa nikapunguza ukingo kwa randa niliyokuja nayo, upenyo ukawa wa unene wa sarafu.

Mathayo alitazama kwa huruma. "Ulikuwa umekaa vizuri sana, mzee. Sasa una mwanya."

"Mwanya huo ndio utakaomtoa mtu," nikasema.

Asubuhi tulipandisha gurudumu moja la gari juu ya gogo, mpaka bodi ikalia kwa kujipinda. Nilisoma Bismillahi, nikashika kitasa kwa vidole viwili. Mlango ukasogea nje, ukageuka, ukafunguka wote. Mama Agnesi akapiga vigelegele kana kwamba ni harusi. Tukajaribu gurudumu la pili, la tatu na la nne. Mathayo aliufungua na kuufunga mpaka mkewe akamwambia akalime.

Tulifika Igunga kabla ya jua kali, tukipita majaruba ya mpunga na makundi ya ng'ombe. Bibi Martha alikuwa juu ya kigoda chake, shuka begani, uso umeelekea sauti ya gari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani huyo? Sauti ya pwani."

"Salumu, fundi kutoka Tabora. Mzaramo."

"Mzaramo!" akasema kwa furaha ya mtu aliyepata mawindo. "Yohana, umemwacha Mungu ukaniletea Mzaramo? Hawa wanajua kupiga ngoma, tangu lini wanajua chuma?"

"Chuma kimefuliwa na mwingine, mama. Mimi nimeleta ngoma."

Alicheka, akaomba apelekwe penye gari. Aliupapasa mlango kwa viganja vyote viwili, taratibu, kutoka juu hadi chini. Uso wake ukabadilika.

"Ule ulikuwa na vyuma, ukanimwaga," akasema. "Huu hauna hata kimoja. Umeshikwa na nini, na maneno yako?"

Yohana akataka kumweleza. Nikamzuia, nikaufungua mlango, nikauweka mkono wa mama ndani, juu ya kiwiko cha chuma. Alikifuata kwa kidole mpaka kilipoingia kwenye nguzo. Akarudia kwa bawaba ya chini.

"Kama mkono uliokunjwa," akasema. "Haya. Panda wewe kwanza. Uuegemee kama nilivyouegemea mimi, na huyu Paulo apite njia ya ng'ombe. Ukianguka, nitajua mimi sikuwa mjinga."

Watu wa mtaa wote walikuwa wamekusanyika. Nilipanda, nikafunga, nikaulalia mlango kwa uzito wangu wote, bega na kichwa. Paulo hakunihurumia. Alipita mashimo, akapita kichuguu, akaingia kijia cha migunga na miiba ikawa inakwaruza bati karibu na sikio langu. Nilikuwa nikimtaja Mungu kimoyomoyo. Tuliporudi mbele ya nyumba, aliacha gari limejipinda, gurudumu moja ndani ya mtaro, kusudi. Nikaufungua mlango kutoka ndani, nikashuka kwa miguu yangu mwenyewe.

"Yuko mzima?" Bibi Martha akauliza.

"Mzima, mama," akasema Yohana.

"Amechafuka?"

"Hata vumbi, mama, hana."

"Basi nileteeni nguo zangu za kanisani. Siwezi kwenda kwa daktari kama mtu atokaye shambani."

Yohana aligeuka upande, akajifuta uso kwa mkono wa shati.

Siku ya kurudi Yohana alibaki na mpunga wake, mimi nikakaa nyuma, na Bibi Martha akaketi mbele, karibu na mlango ule ule aliouogopa. Mwanzo alikishika kitasa kwa mikono miwili, midomo ikisali kwa Kinyamwezi. Tukapita Nzega. Penye mto mmoja mdogo daraja lilikuwa bovu, Paulo akashuka ukingoni na gari likasimama limeinama. Kabla hatujamsaidia, tulisikia kitasa. Mama alikuwa ameufungua mlango mwenyewe, ameketi na miguu nje, akijinyoosha.

"Mbona mmenyamaza?" akatuuliza. "Mnataka niombe ruhusa?"

Nimejifunza kwa safari hii kwamba fundi asiupeleke mlango kwa mwenyewe kabla hajausindikiza barabarani akiwa ameuegemea. Mlango niliokuwa nikiuonea fahari karakanani ulikuwa wa kutazamwa. Ule uliotoka uwanjani kwa Mathayo ulikuwa wa mtu. Kwa hiyo sasa kila kazi ya bawaba za ndani tunayopewa, na Mungu ametupa nyingi, mmoja wetu hupanda kwanza, gogo liko chini ya gurudumu. Na ndani ya kila nguzo kuna ngozi ya ng'ombe.

Jioni tuliingia Kanyenye. Paulo alisimamisha gari mbele ya karakana ili nishuke kabla hajampeleka mama hospitali. Hamisi alitoka akipangusa mikono, akazunguka gari mara moja.

"Mlango umekaaje?" akauliza, akanyoosha mkono kwenye kitasa.

Nilimshika mkono. Kupitia dirishani alimwona Bibi Martha amelala usingizi mzito, shavu lake limegandamana na mlango, uzito wake wote uko juu ya zile bawaba mbili. Hamisi aliurudisha mkono wake taratibu. Tulikaa juu ya gogo mbele ya karakana, mimi, yeye na Paulo, tukangoja mama aamke.